Daktari, sijawahi kuonja pombe. Ini langu limejaaje mafuta?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka 27, na kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta, mara nyingi hadi usiku wa manane. Mwezi uliopita nilikwenda kupima kwa sababu ya uzito fulani ninaousikia chini ya mbavu za kulia. Ultrasaundi ikaandika “ini lenye mafuta, daraja la pili”. Majibu ya damu: vimeng'enya vya ini ALT 68 na AST 41, sukari kabla ya kula 6.1, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 2.3. Homa ya ini B na C sina. Nina kilo 89, urefu sentimita 171, kiuno sentimita 101. Sili sana, ila hunywa soda mbili za nusu lita kila siku ili nisisinzie. Aliyenipima alisema “ni mafuta tu, punguza kula”, akaita mgonjwa mwingine. Pombe sijawahi kuonja, lakini tangu mama asome ile karatasi ananitazama kama mtu aliyedanganywa. Jamaa yangu naye ananihimiza ninywe unga wa mitishamba wa “kusafisha ini” kwa siku 21. Je, ini langu ndiyo limeharibika? Nifanye nini? Na mama nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mama, kwa sababu naona hilo ndilo linalokunyima usingizi kuliko hata ini lenyewe.

Mpe ukurasa huu ausome. Mama, mwanao hakudanganyi. Pombe hujaza ini mafuta, ni kweli, lakini siyo njia pekee. Karibu mtu mzima mmoja kati ya kila watatu duniani ana mafuta yaliyozidi kwenye ini, na wengi wao hawanywi au hunywa kidogo sana. Zamani ugonjwa huu uliitwa “ini lenye mafuta lisilotokana na pombe”, na neno “pombe” likabaki kwenye faili la mtu asiyeijua hata harufu yake. Mwaka 2023 wataalamu wa ini waliubadilisha jina. Sasa kifupi chake ni MASLD, na jina linataja chanzo chenyewe: hitilafu katika namna mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula. Ili mtu aingie kundi hilo anatakiwa awe na mafuta kwenye ini pamoja na angalau dalili moja ya hitilafu hiyo. Wewe unazo tatu za wazi: kiuno kilichopita sentimita 94, sukari iliyofika 5.6 au zaidi, na trigliseridi zilizopita 1.7.

Sasa, mafuta hayo yameingiaje? Watu hudhani ni mafuta ya chakula cha jana. Sehemu kubwa siyo hayo. Insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu, ndiyo inayoamuru akiba ya mafuta ya mwili, hasa ya tumboni, ikae imefungwa. Mwili ukianza kuwa mzito kuisikia insulini, akiba hiyo huvuja usiku na mchana, na ini hupokea kinachovuja. Sehemu nyingine ini huitengeneza lenyewe kutokana na sukari. Hapo ndipo soda zako zinapoingia. Sukari ya kawaida ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Glukosi hugawanywa: misuli inachukua, ubongo unachukua. Fruktosi kwa sehemu kubwa mzigo wake huliangukia ini, na ikizidi hugeuzwa kuwa mafuta. Lita moja ya soda ina takriban gramu 100 za sukari, yaani vijiko vya chai kama 25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na kupungua zaidi ya hapo ni bora. Wewe unamaliza mara mbili ya kiwango hicho kabla hujaketi mezani. Ndiyo maana “punguza kula” haikukusaidia kitu. Juisi pia ihesabu kama soda, hata ikiwa ya matunda uliyoyakamua mwenyewe. Tunda zima kula, litafune.

Kuhusu kauli “ni mafuta tu”: nami niliwahi kuitoa. Nilikuwa daktari mchanga, foleni ndefu mlangoni, na mbele yangu ameketi dada wa miaka 29. Nilimwambia maneno hayo hayo akaenda zake ametulia. Aliporudi miaka tisa baadaye alikuwa na kisukari, na ini lake limeanza kukakamaa. Aliniuliza kwa upole kwa nini sikumwambia mapema. Tangu siku ile neno “tu” siliandiki kwenye faili la mtu.

Lakini pia sitaki uogope. “Daraja la pili” linaeleza jinsi ini lilivyong'aa kwenye skrini, basi. Halisemi kama kuna kovu, na kovu ndilo linaloamua mambo. Mafuta yakikaa muda mrefu, kwa baadhi ya watu ini huvimba na seli zake kuumia, kisha makovu hujengeka polepole, kwa miaka mingi, kutoka hatua ya F0 hadi F4, ambayo ndiyo sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kukakamaa. Wengi hawafiki huko. Kuna hesabu iitwayo FIB-4 inayotumia umri, AST, ALT na idadi ya chembe sahani za damu kukisia kovu. Kwa aliye chini ya miaka 35 haitegemeki, kwa sababu umri unazidishwa ndani yake. Kwa kijana majibu hutoka madogo kwa urahisi na kumpumbaza. Omba kipimo cha ugumu wa ini. Hakina sindano wala maumivu, ni kifaa kinachowekwa ubavuni. Ukipata chini ya kilopaskali 8, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Pima pia presha na lehemu, maana wenye ugonjwa huu hufa zaidi kwa moyo kuliko kwa ini. Ule uzito wa ubavuni unaweza kuwa ni ngozi nyembamba inayolizunguka ini ikivutika, ingawa wengi hawasikii chochote.

Unga wa mitishamba usiunywe. Nakuomba. Nimeshaona macho ya njano kwa vijana waliokuja na ini lenye mafuta tu kidogo wakaliongezea sumu. Hata dondoo kali la chai ya kijani, linaloonekana halina madhara, linajulikana kuumiza ini.

Dawa yako kwa sasa ni uzito. Ukipunguza asilimia 5, kwako kilo nne na nusu, mafuta ya ini hupungua. Kati ya asilimia 7 na 10, yaani kilo sita hadi tisa, uvimbe wa ini hutulia kwa wengi. Ukizidi hapo hata kovu laweza kulainika. Nenda taratibu, nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Kujinyima chakula ghafla kunaweza kulizidishia ini mafuta na uvimbe. Anza na soda peke yake, mwezi mzima, kabla hujagusa kitu kingine. Ongeza mwendo wa haraka dakika 150 kwa wiki, na jua kwamba mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata mzani ukigoma. Kama lazima ukeshe, kahawa bila sukari. Wanaoinywa huonekana kuwa na makovu machache.

Dawa za vidonge na sindano zipo sasa: Marekani iliidhinisha resmetirom Machi 2024 na semaglutide Agosti 2025 kwa ugonjwa huu. Ni za wenye kovu la wastani au kubwa ambalo halijawa sirosisi. Rudia damu baada ya miezi sita, uniandikie.

SWALI: Daktari, mimi ni msichana wa miaka 23, mwembamba, kilo 52. Nami nimeambiwa ini langu lina mafuta. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana, binti yangu, na wewe ndiye nisiyetaka upewe ushauri wa kupunguza uzito. Wapo wanaorithi mwelekeo huu. Jeni iitwayo PNPLA3 ilihusishwa nao mwaka 2008. Lakini kwa mwembamba wa umri wako lazima tutafute sababu nyingine kwanza: homa ya ini C, dawa kama steroidi au valproate ya kifafa, na ugonjwa wa Wilson, ambapo shaba hurundikana kwenye ini. Huo una tiba, na ukichelewa huharibu hata ubongo. Mwambie daktari wako akupime seruloplazimini, protini inayobeba shaba kwenye damu, na umpelekee orodha ya kila dawa unayotumia, hata ile ya chunusi.