Sanduku la santuri za piano za babu: zitenge kwanza, bei baadaye

Dada wa Kisumu, umesema marehemu babu yako aliacha santuri kama arobaini, nyingi za piano za Kizungu, na kuna jamaa amekuja na shilingi elfu nane taslimu akitaka kubeba sanduku zima. Unauliza kama anakupunja. Pengine hata yeye hajui. Ila usimwachie zote kwa mkupuo kabla hujazitenga.

Mimi ni fundi wa redio hapa Nakuru, na somo hili nililipia karo. Nilinunua sanduku kama hilo kwenye mnada wa vitu vya nyumba moja ya shamba kule Njoro. Juu kabisa palikuwa na Van Cliburn akipiga Konserto ya Kwanza ya Tchaikovsky. Nikasoma habari zake: kijana Mmarekani aliyeshinda mashindano ya Moscow mwaka 1958, katikati ya Vita Baridi, akapokewa New York kwa gwaride, na santuri hiyo ikauza zaidi ya nakala milioni. Nikajiona tajiri. Sikujiuliza kwamba kama zilitoka milioni, nani amekosa yake? Mteja wa kwanza alinipa mia mbili, na nadhani alinionea huruma.

Kwa hiyo jina kubwa kwenye jalada lisikubabaishe. Mpiga piano Glenn Gould na Bach yake aliyorekodi mwaka 1955 ni hivyo hivyo: muziki mzuri sana, lakini imechapwa na kurudiwa kuchapwa tangu ilipotoka. Yale makasha mazito ya Reader's Digest ndiyo kabisa, mpe jirani.

Wanunuzi wa kweli wanaangalia toleo la kwanza, hasa la stereo ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Soma jina la kampuni na namba kwenye lebo. Columbia ya Uingereza inayoanza na SAX, yenye lebo ya buluu na fedha, iweke kando, hasa mpigaji akiwa Annie Fischer. HMV za ASD zenye lebo nyeupe na dhahabu, weka kando. Decca za SXL, weka kando. Deutsche Grammophon zenye maua ya tulipu kuzunguka ukingo wa lebo pia, kwa sababu za baadaye zina mistari tu.

Kisha chukua tochi uangalie ile nafasi tupu kati ya mwisho wa muziki na lebo. Kuna maandishi madogo yaliyogongwa hapo. Kwenye santuri za kampuni ya EMI, yaani hizo Columbia na HMV za Uingereza, ukiisimamisha lebo wima utaona upande wa kulia herufi inayotaja muhuri, yaani ile chapa ya chuma iliyokandamiza nakala yako. Walihesabu kwa herufi za GRAMOPHLTD: G ni moja, R ni mbili, hivyo hivyo hadi D ambayo ni sifuri. Ukikuta G peke yake, umeshika nakala ya muhuri wa kwanza. Siku niliyoiona yangu nilimwita mke wangu jikoni aje atazame. Alitazama, akarudi kwa ugali wake.

Sasa hali ya sahani, na hapa piano haina huruma. Noti yake hupigwa ikaachwa ife polepole, na katika ule ukimya kila mkwaruzo unasikika kama bisi sufuriani. Tundu la katikati likikaa upande kidogo, noti ndefu inayumba kama mlevi. Isogeze sahani dirishani, iinamishe. Ikiwa mifereji imepauka na kuwa kijivu, ilisagwa na sindano kuukuu ya radiogramu yenye mkono mzito, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Sikiliza pia dakika za mwisho za kila upande, maana sauti huanza kukwaruza hapo kabla ya kwingine. Na kwa vile uko Kisumu, nusa jalada. Joto la ziwa hulea ukungu. Zisimamishe kama vitabu, mbali na mabati.

Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama kigae, usizipake spiriti! Mimi nilipaka. Kitambaa kikatoka cheusi, nikafurahi kwamba uchafu unatoka, kumbe ni sahani yenyewe inayeyuka. Zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huimumunya. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo, ufute haraka, ukaushe.

Bei zitafute Discogs, tovuti ya kuuziana santuri, lakini soma zilizouzwa, si zinazoombwa. Anayeomba anaweza kuomba mbingu. Na ukikuta VG, yaani "Very Good", nzuri sana, usidhani ni sifa. Kwenye biashara hii maana yake mikwaruzo inasikika. Ukiuza nje, posta itakula sehemu nzuri ya pesa yako, hivyo za mia mbili mia mbili malizana nazo hapa hapa.

Swali langu moja kwako: umesema "nyingi" ni za piano. Zilizobaki ni zipi? Kama chini ya sanduku kuna sahani ndogo za mizunguko 45 zenye tundu kubwa, za benga, zilizochapwa hapa Kenya miaka ya sabini, huenda huyo jamaa amezifuata hizo. Watu wa Ulaya wanazitafuta, na ya kwangu moja ya Kijaluo, yenye jalada la karatasi lililochanika, ilinilipa kuliko santuri zote za piano za Njoro nikizijumlisha. Piga picha za lebo zote, pande zote mbili, uziweke hapa. Huyo wa elfu nane mwambie arudi Jumamosi.