Nimezoea lami, nataka kuhamia vumbini: nianzie wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nipo Arusha, naendesha rodi (baiskeli ya mbio za lami) ya mtumba, breki za rimu, taili za unene wa milimita 25, na kila jumapili tunatoka na kikundi kuelekea Makuyuni na kurudi. Sasa ile barabara malori na magari ya watalii yanatupita karibu mpaka unausikia upepo wake begani, mke wangu kashaanza kulalamika. Jamaa wawili wa kikundi wamehamia graveli, zile baiskeli za njia za vumbi na changarawe, wanapita njia za ndani za vumbi hawana presha na mtu. Juzi nikawafuata na rodi yangu upande wa Kisongo, nikapigwa pancha mbili na mikono ikafa ganzi, nafika home kushika kijiko ni shida. Wao wanasema ninunue baiskeli ya graveli, nikauliza bei nikanyamaza. Naweza kuanza na hii niliyonayo au najidanganya? (Mdau, Njiro)

JIBU: Salama kabisa kaka, na shemeji anastahili kusikilizwa hapo kwenye malori.

Kabla ya kuongelea baiskeli mpya nikuulize kitu, siku ile ya Kisongo ulijaza upepo kiasi gani? Maana nawajua watu wa lami, nina hakika ulijaza psi 100 (psi ndo kipimo cha upepo wa taili) kama unaenda Makuyuni, na hapo ndo tatizo lako lilipo zaidi ya baiskeli yenyewe. Taili gumu hivo kwenye changarawe halikanyagi jiwe, linaruka juu yake, kila kijiwe kinapanda moja kwa moja mpaka kwenye viganja, afu ukiogopa unazidi kuukaba usukani na mikono inazidi kufa. Graveli karibu yote ni kulegeza: unalegeza taili, unalegeza na mikono.

Sasa rodi yako. Breki za rimu za kawaida mara nyingi hazipitishi taili zaidi ya 28, ila usinisikilize mimi, pima mwenyewe. Chukua spana ya aleni ya milimita 4, ipitishe kati ya taili na fremu, pande zote mbili na juu chini ya breki, mbele na nyuma. Ikipita kirahisi kote bado una nafasi ya kuongeza unene, ikikwama usilazimishe, kwa sababu tope la huku kwetu likijaa hapo gurudumu linasimama kabisa na unaibeba baiskeli begani. Kama 28 inaingia, weka 28 na kwa mtu wa kilo 70 hivi anza na psi 70 mbele na 75 nyuma. Hapo unapita vizuri njia za vumbi zilizoshindiliwa, zile zinazopitwa na magari ya mashambani wakati wa kiangazi. Mawe makubwa na mchanga achana navyo kwa sasa.

Pancha zako zile mbili, itazame ile tyubu kabla hujaitupa. Ukikuta matundu mawili yamekaa jirani jirani, hiyo tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe, maana yake upepo ulikuwa mdogo, taili ni jembamba au uligonga jiwe umekaa mzima mzima kwenye siti. Ukikuta tundu moja dogo upande wa nje hiyo ni mbigiri au mwiba wa mgunga, na kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole taratibu ndani ya taili mzunguko mzima, kwa sababu mwiba ukibaki pale unatoboa na hiyo nyingine dakika tano mbele na utamlaumu fundi bure.

Ukitaka kusogea zaidi bila kufilisika, ushauri wangu ambao wenzako watakucheka: nenda kwa wauza mitumba utafute mauntenibaiki (baiskeli ya milimani) ya zamani ya miaka ya 90, fremu ya chuma, foku ngumu isiyo na springi. Ivue taili zake za vigingi, uweke taili nene zenye kashata (vile vinundu vya taili) ndogo katikati, na utakuwa na baiskeli ya graveli kwa hela ambayo hainunui hata magurudumu ya graveli mpya. Au ukibahatisha sayklokrosi, zile za mashindano ya matope ya Ulaya, hata hizo ni nzuri, sheria yao taili mwisho milimita 33 ila fremu nyingi zinapitisha zaidi kidogo. Baiskeli ya graveli yenyewe inakaa na taili za 38 mpaka 45, na hapo mtu wa uzito ule ule anaendesha psi 35 hadi 40 na tyubu, au 30 hivi kama ni tyubulesi, yaani taili lisilo na tyubu ndani. Unaona tofauti na ile 100 yako?

Kwa Arusha tyubulesi inalipa, sababu ya mbigiri. Ile dawa nyeupe ya ndani inaziba tundu la mwiba hata hujui kama umechomwa, ila joto letu linaikausha, kila miezi miwili mitatu fungua uangalie na uongeze. Na bado beba tyubu moja. Na kitu kingine watu wanasahau, adapta ya valvu, kile kikofia kidogo cha shaba. Kompresa za mafundi wa bodaboda huko vijijini zinaingia valvu nene tu, ya kwako nyembamba utabaki unaitazama kompresa imejaa upepo na wewe huna. Kakitu kadogo, kafungie kwenye valvu yenyewe usikasahau.

Kuhusu kuendesha. Viganja vishike usukani kama umeshika yai, viwiko vikunje, uzito uhamie kwenye miguu na tako linyanyuke kidogo ukiona mawe yanakuja. Baiskeli itacheza cheza chini yako, iache icheze. Kwenye kona funga breki kabla, ukiwa bado umenyooka, ukiingia kona achia, kwa sababu breki ya mbele katikati ya kona ya changarawe inakulaza chini hata hujajua imekuwaje. Kupanda kilima kaa kwenye siti, gia nyepesi, ukisimama kama ulivyozoea gurudumu la nyuma linazunguka bure. Mchanga ukikutana nao weka gia nzito kidogo, sogea nyuma, kanyaga bila kusita na usipindishe usukani. Ile barabara ya mawimbi mawimbi inayokutingisha meno, angalia bodaboda wanapita wapi, kuna kale kamstari pembeni wamekalainisha, pita hapo hapo, wale wanaijua barabara kuliko ramani yako.

Afu acha kuangalia spidi. Nakuambia mapema maana najua utaumia roho, kwenye lami ulikuwa unashika 30, huku utashika 18, 20 ukijitahidi, na utachoka zaidi. Panga safari kwa masaa. Masaa mawili ya kwanza njia za mashamba ya kahawa yanakutosha, chupa mbili za maji na ya tatu mfuko wa nyuma. Ukikuta ng'ombe simama, salimia mchungaji, subiri wapite, usipige kengele katikati ya kundi. Na mtu asikudanganye eti safari ya kwanza iwe Engaruka kwenda Ziwa Natron, najua picha zake zinavutia na mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai pale nyuma, ila ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Mto wa Mbu na kuna vipande vya majivu ya volkano ambavyo hata mwenye taili 45 anashuka anasukuma.

SWALI: Mimi ni dada kutoka Nakuru, nina rodi na mwezi uliopita nimepata graveli ya mtumba. Nimeskia kuhusu Migration Gravel Race kule Mara, ni ya watu wa aina gani? Mtu kama mimi anaweza kujaribu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Dada hongera kwa baiskeli. Ile ilianza 2021, ni siku nne mfululizo ndani ya eneo la Maasai Mara, karibu kilomita 650 kwa jumla, wanakuja wazungu wanaokula mshahara kwa kuendesha baiskeli na wanakutana na vijana wetu wa Team Amani, timu ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki. Usianze na hiyo. Ila ifuatilie, kwa sababu ndo imefanya graveli ya Afrika Mashariki ijulikane nje, na marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Amani, alikuwa mstari wa mbele hapo. Na yeye alitokea kwenye mbio za lami kama wewe. Alifariki Agosti 2022 kwa ajali akiwa kwenye mbio za graveli Vermont, Marekani, na ndo maana nasisitiza ile habari ya breki kwenye kona niliyomwambia mdau wa Njiro, hata mzoefu anaanguka. Mwaka huo huo 2022 ndo UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, walifanya mashindano ya kwanza ya dunia ya graveli, Veneto, Italia, akashinda Gianni Vermeersch wa Ubelgiji na kwa wanawake Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, kwa hiyo mchezo wenyewe bado mchanga, hujachelewa.

Kwa sasa we shuka Naivasha, Hell's Gate wanaruhusu baiskeli ndani ya hifadhi. Ingia lango la Elsa asubuhi, fuata barabara ya kwenda korongoni, sehemu kubwa ni tambarare ina vumbi na vipande vya mchanga, darasa zuri kabisa. Pundamilia watakupisha wenyewe, nyati usimpishane naye, simama mbali usubiri.

SWALI: Nibadilishe padeli au niendelee na za rodi? Na cheni yangu inapiga kelele sana baada ya vumbi. (Mdau, Moshi)

JIBU: Badilisha, weka zile za mauntenibaiki ambazo kiatu kinafungwa kwa skrubu mbili na kile chuma kinazama ndani ya soli. Za rodi zinajaa udongo kisha haziingii, na ukitembea juu ya mawe plastiki inalika. Cheni ipanguse na kitambaa kikavu kila ukirudi, kisha tone moja kila kiungo, subiri, pangusa tena ya nje yote. Oili ikibaki juu inashika vumbi na inakula meno ya gia. Na usiipeleke pale wanapooshea magari kwa ile mashine ya maji ya presha, maji yanaingia kwenye beringi na mwezi ujao utaniandikia tena.