Usifute chochote kabla hujaona waifai

Mkuu wa Tabora, simama hapo hapo! Umeandika kwamba jioni hii unafuta Windows kwenye laptopu zote za shule upige Trisquel, mfumo wa Linux wenye programu huru tupu (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kusoma na kubadili msimbo wake, yaani maandishi yake ya ndani), kwa sababu mfumo huru haufai kubeba programu isiyo huru hata moja. Usiguse kitu.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Jamaa mmoja anayejifanya mjuzi wa mambo haya alinishika kwa hoja hiyo hiyo, tukafuta mashine zote kwa mpigo katikati ya msimu wa kuomba mikopo ya chuo. Zikawaka vizuri tu, ila ukibofya alama ya mtandao, orodha ya waifai tupu. Kadi za waifai zilikuwa za Intel, na hizo haziamki bila femwea, faili ambalo kiwanda kinalitoa bila kuonyesha msimbo wake. Kerneli ya Trisquel, yaani kiini cha mfumo, inaitwa Linux-libre, nayo imeondolewa makusudi uwezo wa kupakia mafaili hayo. Na huyo jamaa alijua! Nilipompigia akanijibu ninunue kadi za Atheros zisizohitaji femwea. Kigoma hii, nikazivue ziwani? Wateja wamesimama mlangoni na vyeti mkononi, mmoja mmoja wakahamia kwa jirani. Pesa ya msimu mzima ikaenda hivyo, na wengine hawajarudi mpaka leo.

Programu huru naipenda, ndiyo maana roho inaniuma. Watu wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, walilipigia kura jambo hili mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 femwea imo ndani ya flashi ya kusakinishia, kwenye fungu lake peke yake, na asiyeitaka anaikataa. Huo ndio uungwana: mtu anaambiwa ukweli, anaamua mwenyewe, na mashine yake inafanya kazi. Ukimnyima mwalimu waifai ili mfumo ubaki safi, wiki ijayo utamkuta amerudi kwenye Windows ya kuchakachua.

Kwa hiyo chukua Debian ya kuwashia kwenye flashi, washa laptopu moja moja bila kusakinisha. Unganisha waifai, fungua ukurasa wowote. Usipime moja ukadhani umepima zote, kwani hata za modeli moja huwa na kadi tofauti. Isiyoshika mtandao, iache na Windows yake, kisha tuma hapa jina la kadi.