Kila kontena na mada yake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni zana gani inayotusaidia kupanga mazungumzo ya kazi ili jambo lisipotee katikati ya ujumbe mwingi. Mimi niko kwa wakala wa forodha Dar es Salaam. Huku ujumbe mmoja usiosomwa humwongezea mteja tozo za bandarini, kwa hiyo swali lenu linanigusa kweli. Jibu langu ni hili: chagueni zana inayomtaka mtu ataje anazungumzia nini kabla hajatuma. Mengine ni nyongeza.

Wengi tunaanzia WhatsApp, tena kwa sababu za haki. Kila dereva anayo, bando dogo linatosha, na hakuna wa kufundishwa. Shida ni kwamba grupu zima ni foleni moja. Asubuhi moja utakuta humo kontena linalosubiri ukaguzi, lori lililokwama Tunduma, mteja anayeulizia ankara, na salamu za pole kwa mwenzetu aliyefiwa. Mtu akiandika "tayari", hujui kipi kiko tayari. Kujibu ujumbe mahususi kunasaidia kidogo, ila kunaonyesha ule mmoja tu uliotangulia, si mwenendo mzima wa shauri. Kubandika ujumbe juu ya grupu kuna mipaka: mitatu kwa wakati mmoja, kwa muda usiozidi siku 30. Mzigo wenye mgogoro wa bima hudumu kuliko hapo.

Slack, programu ya mazungumzo ya ofisini, ilipoleta nyuzi mwaka 2017 ilipiga hatua kubwa, maana majibu yanakaa chini ya ujumbe ulioyaleta. Lakini uzi hauna jina. Unatambulika kwa ujumbe wake wa kwanza, na mara nyingi huo ni "Jamani, vipi ile ya jana?" Baada ya wiki mbili nani ataujua? Halafu mpango wa bure unakuonyesha siku 90 za mwisho tu, wakati madai ya mzigo ulioharibika huweza kufufuka baada ya hapo.

Ninayoitetea mimi ni Zulip, nayo ni programu ya mazungumzo ya kazi. Ilianza mwaka 2012 huko Cambridge, Massachusetts, ikanunuliwa na Dropbox mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikatolewa kuwa programu huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha. Ndani ya kila chaneli, yaani chumba cha mazungumzo, mazungumzo yanagawanywa kwa mada zenye majina, na msimamizi anaweza kuipanga ikatae ujumbe usio na mada. Kwetu jina la mada ni namba ya kontena: herufi nne na tarakimu saba, ile ya mwisho ikiwa inakokotolewa kutokana na zilizotangulia, hivyo makosa mengi ya kunakili hugundulika. Kwa kuwa kontena hilohilo huzunguka na linaweza kurudi na mzigo wa mtu mwingine, tunaongeza jina la mteja na mwezi. Ukitafuta namba, unapata kila kilichosemwa, kuanzia nyaraka za meli hadi lori kutoka getini.

Mambo mawili ndani yake nayathamini sana. Ujumbe ulioandikwa mahali pasipo pake unaweza kuhamishiwa kwenye mada yake, bila kumgombeza aliyeuandika. Na shauri likiisha, mada inawekewa alama ya vema. Anayerudi kutoka likizo hana haja ya kusoma kila kitu. Anafungua mada zake ambazo bado hazina alama, anaendelea na kazi.

Madereva tumewaacha WhatsApp, na naona ni sawa. Mtu aliye njiani kuelekea Lubumbashi usimwongezee programu nyingine. Yeye hutuma ujumbe wa sauti, na sauti hiyo huwezi kuitafuta kwa neno. Basi anayeipokea ofisini huandika mistari miwili kwenye mada ya kontena: lori liko wapi, linahitaji nini, saa ngapi. Hili halifanywi na programu yoyote. Linahitaji mtu aliyepewa jukumu hilo, na bosi anayelifuatilia.

Tena bosi mwenyewe aache kuulizia mizigo inboksi. Jibu likitolewa huko, wengine wanaoshughulikia kontena hilo hawalioni, na kesho wataliuliza upya.

Kuendesha Zulip kwenye seva yenu ni bure upande wa programu, lakini mnahitaji fundi wa kuitunza na kuhifadhi nakala za data. Kama hamna, ipo inayoendeshwa na kampuni ya Zulip yenyewe, ambayo mpango wake wa bure unakuruhusu kutafuta ndani ya ujumbe 10,000 wa karibuni. Kwa timu yenye shughuli nyingi kiasi hicho huisha upesi, kwa hiyo hesabuni kabla ya kuhamia. Na kama mko wachache na wote mnatumia Telegram tayari, grupu zake zinaweza kugawanywa kwa mada tangu 2022. Anzeni na hiyo, mkipeana majina ya mada siku ya kwanza.