Uliza Kuhusu Dawa Ambayo Haimo Kwenye Karatasi

Kwenu wafamasia wanagenzi mnaoanza kazi hapa Nairobi: dawa mbili ambazo kila moja haina neno ikimezwa peke yake zinaweza, zikikutana mwilini, kuuvuruga mdundo wa moyo hata kuua, na mara nyingi ile ya pili haimo kwenye karatasi uliyokabidhiwa.

Katika mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja kutoka Kayole aliniletea karatasi ya daktari ya klarithromisini, antibiotiki ya kutibu kifua. Nilimhesabia vidonge, nikamweleza saa za kumeza, nikamuaga bila kumuuliza lolote. Siku ya nne alirudi ameshikwa mkono na bintiye, akaniambia, "Mwanangu, moyo unasimama kisha unaruka, na jana nimeanguka jikoni." Mkobani mwake mlikuwa na bahasha mbili za kaki: domperidoni aliyopewa kwingine kwa ajili ya kichefuchefu, na furosemidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo, aliyoimeza kwa miaka. Hospitalini, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha QT, yaani muda ambao moyo huchukua kupiga na kujiandaa upya, ya milisekunde 530 baada ya kurekebishwa kwa kasi ya mapigo. Ikishapita 500 hatari ni kubwa. Potasiamu ilikuwa imeshuka hadi milimoli 2.8 kwa lita. Alipona, nashukuru.

Klarithromisini na domperidoni zote huchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Isitoshe, klarithromisini huzuia kimeng'enya cha ini, CYP3A4, ambacho ndicho huivunjavunja domperidoni, kwa hiyo domperidoni hulimbikizana damuni. Furosemidi nayo huipoteza potasiamu kwa njia ya mkojo, na upungufu huo huzidisha ucheleweshaji. Kuzuiwa huko kwa CYP3A4 ndiko kulikoifanya terfenadini, dawa ya mzio, iondolewe sokoni Marekani mwaka 1998, kwa kuwa ilihatarisha maisha ya waliomeza pamoja nayo erithromisini, ambayo ni antibiotiki, au ketokonazoli, dawa ya fangasi, ambazo nazo hukizuia kimeng'enya hicho.

Kwa hiyo muwe macho zaidi kwa wagonjwa wanaomeza methadoni kutibu uraibu wa heroini, wanaotumia haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, waliotoka kumeza kwinini ya malaria, na wanaoharisha au kutapika. Wanawake na wazee wamo hatarini zaidi. Ukishuku, usimwambie mgonjwa aache dawa kwa kauli yako, bali mpigie simu daktari aliyeiandika, mgonjwa angali amesimama mbele yako, na uwe na pendekezo mkononi, kwa mfano antibiotiki nyingine, doksisaiklini, ikiwa ugonjwa unairuhusu.

Msiulize, "Unatumia dawa nyingine?" kwa sababu wengi watajibu hapana, wakidhani dawa ya presha imeshakuwa kama chakula. Mimi sasa husema, "Mama, hebu nitolee kila kidonge ulichomeza wiki hii, hata cha jirani," kisha nangoja mkoba ufunguliwe.