Maswali ya wasomaji: Noah ya mtu ama Sienta kutoka Japani?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za gari za viti saba, kwa hivyo nimeamua ukurasa mzima niwape nyinyi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu naona nyumba nyingi Nairobi ziko hapo hapo alipo huyu mama.

SWALI: Hujambo mhariri. Tunaishi Utawala, watoto ni watatu, wa mwisho ana miezi minane, na mama mkwe amehamia kwetu tangu afanyiwe operesheni ya goti. Premio yetu haitutoshi tena, tumeiuza na tukiongeza akiba tuko na milioni moja na laki nane. Yadi moja ya Kiambu Road wametuonyesha Sienta ya 2019 iliyotoka Japani juzi, wanataka milioni moja na laki saba. Halafu kuna jamaa anauza Noah ya 2014, iliyotumika hapa Kenya, namba plate ya KDC, anataka milioni 1.65 na anasema kuna maongezi. Mzee naye anasema tuwache hizo zote tuchukue loni tununue mpya kabisa ya shoorum tuache kusumbuana na makanika. Mimi loni naiogopa. Tuchukue gani? – Mama Neema, Utawala

JIBU: Mama Neema, anza na watu wako, bei ije baadaye. Mko sita, na mmoja wenu ni mtoto wa kiti chake na mwingine ni shosho ambaye goti halikunji vizuri. Hao wawili ndio wanaochagua gari, si mzee na si mimi. Wote wawili watakaa mstari wa pili, wale wakubwa wawili waingie nyuma kabisa. Sasa nenda yadi na familia yote, usiende peke yako na dalali, mketi vile mtakuwa mkiketi, kiti cha mtoto kikiwa kimefungwa, alafu umwambie shosho apande na kushuka mara mbili tatu bila kusaidiwa. Milango ya kusukuma kwa pembeni itamsaidia sana hasa pale parking ya supermaketi ambapo mtu amekubana, na Sienta na Noah zote ziko nayo na sakafu zake ziko chini.

Tofauti utaiona ukifungua buti. Sienta ikiwa na watu mstari wa tatu, nafasi inayobaki nyuma ni ya mifuko ya shoping, basi. Kila siku ya shule na kanisa hiyo inatosha kabisa. Lakini Desemba mkienda shags watu sita na mabegi, na mkirudi kuna ndizi na gunia la mahindi, itabidi mfunge keria juu ama mizigo itangulie na basi. Noah haikupi buti kubwa vile watu hufikiria, ila iko ndefu na pana zaidi na wale wa nyuma hawakunji magoti mpaka kidevuni wakifika Naivasha. Kwa hivyo jiulizeni mnasafiri hivyo mara ngapi kwa mwaka. Kama ni mara moja, usinunue gari ya Desemba uiendeshe Januari mpaka Novemba kwa jam ya Outering, manake Noah ya petroli ya 2000cc kwa foleni zetu nakuhesabia kilomita nane mpaka kumi kwa lita, na Sienta ya 1500cc itakupeleka kumi na mbili na kitu.

Hii ya mpya ya shoorum, mwambie mzee nimemsikia lakini sikubaliani naye. Gari za familia mpya ambazo mtu wa kawaida anaweza kufikiria ni kama Suzuki Ertiga ama Toyota Rumion, ambayo ni Ertiga hiyo hiyo iliyobadilishwa nembo, inaundwa India, injini 1500cc. Ni gari nzuri na unapata waranti. Lakini milango yake inafunguka kama ya Premio, kwa hivyo shosho na mtoto hujawasaidia, na bei yake itawalazimu kukopa pesa nyingi sana juu ya hiyo akiba yenu. Riba ya benki haitakuuliza kama mtoto ameugua mwezi huo. Mkiwa na pesa taslimu ya kununua gari nzuri, nunueni hiyo.

Watu huniuliza mbona mtumba wa Japani ni ghali hivi na ni gari ya miaka saba. Sababu ni mbili. Moja, sheria ya KEBS, shirika la viwango, hairuhusu gari iliyozidi miaka minane, kwa hivyo mwaka huu wa 2026 inayoingia lazima iwe ilisajiliwa mara ya kwanza Januari 2019 ama baadaye. Ndio maana Toyota Wish, ile nyingine ya viti saba, huwezi kuagiza tena, Toyota waliacha kuiunda 2017, utakayoiona sokoni ni iliyotumika hapa hapa. Mbili ni ushuru. KRA, watu wa kodi, hawaangalii risiti yako ya Japani, wana bei yao ya kuanzia wanaipunguza kulingana na umri wa gari, alafu kwa thamani hiyo wanaweka ushuru wa forodha 35%, juu yake eksaizi (ushuru wa bidhaa) 20% kama injini haizidi 1500cc ama 25% kwa ile ya 2000cc kama ya Noah, na juu ya hiyo yote VAT 16%. Ukipiga hesabu, kwa kila Sh100 ya thamani unalipa kama Sh88 kwa injini ndogo ya petroli na kama Sh96 kwa ile ya 2000cc, na hapo bado ada nyingine za uagizaji na bandari. Sienta iko chini ya 1500cc kidogo tu na hapo ndipo inakufaa.

Turudi kwa Noah ya huyo jamaa juu hapo ndipo kuna hatari na pia ndipo kuna raha. Noah nyingi zilizotumika Kenya zimebeba abiria. Huko Kisii, Kericho, Nyeri, viti saba ni matatu kamili, na ikichoka inapakwa rangi inaletwa Nairobi inaitwa ya familia. Gari ya kubeba abiria ilikuwa na mstari wa njano, kwa hivyo jua likiwa limeinama simama pembeni ya gari uangalie usawa wa vishikio vya milango kama kuna ukanda ambao rangi inang'aa tofauti. Chungulia chini ya dashbodi uone kama kuna tundu za skurubu na waya zilizokatwa zikafungwa na tepu, hapo kulikuwa na spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia matatu kukimbia. Inua kapeti ya nyuma. Reli ya mlango wa kusukuma ikiwa imelika upande wa abiria na upande wa pili ni safi, uliza maswali. Viti vya mbele vikiwa na hali nzuri na vya nyuma vimezama, hiyo haikuwa gari ya baba wa watoto wawili hata aape vipi.

Mwambie muuzaji usiku kwamba utaenda asubuhi na asiwashe injini kabla hujafika, ukifika shika boneti, ikiwa na joto jua kuna kelele ya injini ikiwa baridi hataki uisikie. Angalia moshi wa bluu pamoja na makanika wako, manake injini hizo za 2000cc zikichoka hula oili. Giaboksi ni CVT, ile isiyo na gia za kubadilika, kwa hivyo tafuta mlima, rudi rivasi ukipanda polepole, ikisita ama ikitetemeka kama baiskeli yenye cheni mbovu, iwache. Uliza imewekewa oili gani ya giaboksi. CVT inataka oili yake yenyewe, mtu akikuambia "ATF ya kawaida tu, iko sawa", shukuru uende nyumbani. Alafu pakia hao watu sita wote upite bampu za mtaa wenu, usikie kama chini inagusa na bushi, zile raba za chini ya gari, zinalia. Wauzaji wengi hukupa testi draivu ukiwa wewe na yeye tu, gari nyepesi, barabara ya lami.

Uamuzi wangu? Noah ikipita hayo yote na ina rekodi za sevisi za mwenyewe mmoja, chukua Noah, omba iteremke mpaka milioni 1.55 na hiyo pesa inayobaki iwekwe kando kwa ajili ya tairi, oili zote, bima na kitu kitakachoharibika miezi ya kwanza, manake kitaharibika. Ikianguka hata kwa moja la maana kama giaboksi ama hiyo historia ya matatu, chukua Sienta na usijute, ila waambie yadi wakuonyeshe cheti cha eksporti cha Japani, linganisha namba ya chesisi na maileji iliyoandikwa hapo na ile iko kwa dashbodi. Na hiyo 1.7 ni lazima ishuke, mkibakisha laki moja tu mtaingia barabarani bila bima ya maana.

SWALI: Mimi niko Rongai. Nimepata Voxy haibridi ya 2018, safi, lakini kila mtu kazini ananiambia betri itaniua. Ni kweli? – Baba Pendo

JIBU: Si kweli vile wanavyosema, lakini pia si maneno ya bure. Voxy haibridi ni Noah haibridi yenye sura nyingine, injini 1800cc pamoja na mota ya umeme, teknolojia ya Prius, na kwa foleni ya Magadi Road ndio inang'ara kabisa juu unatambaa kwa umeme wakati wengine wanachoma mafuta wamesimama. Ukiendesha jam kila siku faida utaiona pampu. Ukiwa mtu wa wikendi na safari ndefu, utalipia kitu usichokitumia.

Betri kubwa huzeeka. Kabla hujalipa, mtafute fundi wa haibridi, si makanika wa chini ya mti, aje na mashine ya kusoma komputa ya gari akuonyeshe afya ya kila bloku (kipande) ya betri, na ukiona bloku moja au mbili ziko chini sana ya zenzake, hesabu bei ya betri kwa bei ya gari. Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba betri inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye kichujio. Familia ikimwaga krisps na vumbi la Rongai likaziba hapo, betri inapata joto na inakufa mapema. Muulize muuzaji hilo tundu liko wapi. Kama ameishi na gari miaka mitatu na hajui, kichujio hakijawahi kusafishwa.

SWALI: Kuna brokeri ameniambia nitume depositi ya elfu hamsini kwa M-Pesa ili Nissan Serena ninayoitaka "ishikiliwe", wako na wateja wengine. Gari ni ya mjomba wake ambaye yuko Qatar. Nitume? – Kasarani

JIBU: Usitume. Tafadhali usitume hata elfu moja. Ingia eCitizen kwa huduma za NTSA, wanaosajili magari, fanya serchi ya namba plate, ni Sh550, utaona gari imesajiliwa kwa jina la nani na kama kuna benki ina mkono ndani yake. Jina likiwa la kampuni ya mikopo pamoja na mtu, huyo hawezi kukuhamishia mpaka deni liishe. Uhamisho unaanzishwa na mwenye gari kwa akaunti yake mwenyewe, wewe unakubali kwa yako, kwa hivyo mjomba akiwa Qatar bado anaweza kufanya kama kweli ni mjomba na kweli ni gari yake. Pesa iende kwa benki, kwa akaunti yenye jina lile lile la logibuku (cheti cha umiliki wa gari), baada ya mkataba wa mauziano, si kabla. Na hiyo ya wateja wengine, waache wainunue. Serena ziko nyingi.

SWALI: Nikinunua Honda Freed ya viti saba naweza kubeba watoto wa majirani kwenda shule wanichangie mafuta kila mwezi? – Mwl. Achieng', Donholm

JIBU: Mwalimu, majirani kusaidiana asubuhi hakuna shida. Shida inaanza pale inakuwa malipo ya kila mwezi, hapo unafanya biashara ya kubeba abiria na bima yako ni ya gari ya kibinafsi. Siku mtu atakugonga hapo Jogoo Road na watoto watano si wako ndani, kampuni ya bima itauliza kwa nini wako hapo na ikisikia neno malipo inaweza kukataa kulipa. Watoto wa watu si mchezo. Piga simu kwa kampuni yako kabla ya muhula kuanza, waambie ukweli wote, uulize bima na leseni gani inahitajika kwa kubeba wanafunzi, na jibu walitume kwa maandishi. Na kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake, wasipakatane, Freed ya viti saba ni wewe na watoto sita.