Makocha wapya wa kikapu vyuoni, msimuulize aliyeumia mbele ya wenzake

Jumamosi nilikuwa jukwaani natazama mechi ya vyuo, na robo ya tatu haijafika katikati nikajikuta nimesimama. Kocha kijana, ninayemjua tangu akiwa pointi gadi, yule mchezeshaji wa timu, alikuwa kamshika mchezaji wake bega kando ya benchi. Kifundo cha mguu kimevimba, naye anauliza kwa sauti: "Unaweza?" Timu nzima inasikia. Nimefundisha kikapu chuoni miaka 22, wadogo zangu, na swali hilo linanichoma.

1. Anzeni na miguu. John Wooden, aliyeifundisha timu ya chuo kikuu cha UCLA kule Marekani tangu 1948 hadi 1975 na kutwaa ubingwa wa vyuo mara 10, alifungua msimu kwa kuwaonyesha wachezaji namna ya kuvaa soksi. Majitu marefu, nyota wa sekondari, wanafundishwa kuvuta soksi mpaka isibaki na mkunjo kisiginoni wala vidoleni. Mkunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hakimbii. Mnacheka? Kagueni nyayo za vijana wenu baada ya wiki moja kwenye sakafu ya saruji.

2. Uwanja. Kila muhula nasikia kilio kilekile, kwamba uwanja tunagawana na watu wa wavu. Wooden alitwaa ubingwa wa 1964 na wa 1965 timu ikifanya mazoezi kwenye jimu kuukuu waliyotumia pamoja na wanamieleka, na sakafu aliipiga deki kwa mkono wake. Ule wa 1964 ndio wa kwanza, miaka 16 tangu aanze kazi pale. Ninyi mnataka kombe muhula wa pili! Pangeni mazoezi kwenye kadi, dakika kwa dakika, kama alivyofanya yeye.

3. Majeraha. Hapa nina deni. Msimu wangu wa tatu tulikuwa fainali, tumeachwa pointi nne mapumziko. Senta wangu, yule mrefu wa chini ya ringi, kijana wa mwaka wa pili, aliteguka kifundo robo ya pili. Nilimfunga bandeji mwenyewe, nikaikaza, kisha nikasimama katikati ya wenzake nikamuuliza: "Unaweza?" Akaruka mara mbili kwa mguu uleule, meno yameumana, akasema, "Niko poa, kocha." Nilimwona jasho limemtoka juu ya mdomo na tulikuwa tumekaa kivulini robo saa. Nililiona, nikalipuuza, kwa sababu nilitaka kombe. Dakika ya tatu baada ya kurudi akapanda kugombea rebaundi, mpira uliokosa ringi, akatua juu ya kiatu cha mpinzani. Mlio ule niliusikia kutoka kwenye benchi. Hakucheza tena. Jioni mama yake akapiga simu, hakunigombeza hata kidogo, aliuliza tu, "Mwalimu, ulimwona anachechemea?" Nikasema ndiyo.

Kijana wa miaka 20 aliyezungukwa na wenzake hawezi kusema hapana. Hapo hujauliza, umeamuru. Siku hizi namtoa nyuma ya jukwaa, tunabaki wawili, namwambia apande ngazi na kushuka bila kushika ukuta, mimi natazama uso wake tu. Akisita, avue jezi. Matokeo ya ubao siyatazami.

4. Taimu-auti, yale mapumziko mafupi anayoomba kocha, kwa nusu ya pili ya mechi ni tatu, lakini ndani ya dakika mbili za mwisho haziruhusiwi zaidi ya mbili, kwa hiyo msizikumbatie zote.

5. Mwenye faulo nne, ya tano inamtoa mchezoni, mwambieni yeye mwenyewe ana ngapi, msidhani anahesabu.

6. Jueni nani hajala mchana. Layapu, mitupo ile ya karibu na ringi, zikianza kugonga chini ya ringi saa kumi na moja jioni, ulizeni habari za chakula kabla ya kupiga filimbi.

Na wewe wa Jumamosi, najua unasoma. Mpeleke yule kijana apigwe eksirei kesho asubuhi, kabla ya vipindi. Nauli nitatoa mimi.